Konsuli wa Nta

Roma, nyumbani, Mlima Kaelio
Siku mbili baada ya Ide, yaani katikati ya Septemba. (Mwalimu angetaka nihesabu kwa kurudi nyuma kutoka mwezi ujao. Mwalimu hayupo hapa.)

Mpendwa Kaka Kaeso,

Simama wima unaposoma barua hii, na kama una kofia ya chuma kichwani ivue, maana anayekuandikia amekuwa konsuli wa Roma. Sisemi kuwania, wala kuota. Nasema kuwa. Nimepita katikati ya mji na wabeba fimbo kumi na wawili mbele yangu, nimekalia kiti cha pembe za ndovu, nimevaa joho la pindo la zambarau, na wazee wenye mvi zao wamenipisha njia. Wewe uko Hispania mwaka wa pili huu unakula vumbi, na bado kazi yako ni kusimamia vijana wanaochimba mitaro. Mimi nimefika juu kabisa kabla ndevu hazijaniota vizuri, na jioni hiyohiyo nikarudi nyumbani kula mkate na zeituni kama mtu wa kawaida. Nionyeshe mwingine.

Lakini salamu kwanza. Bibi alitufunza kwamba anayeanza na habari kabla ya salamu ni mbuzi aliyeingia sebuleni. U mzima? Kama u mzima ni vyema, nami ni mzima, hata shingo imenenepa. Lile jino lako la nyuma limetulia? Tumbo limezoea maji ya huko? Shangazi Aburia anauliza kama unavaa ile nguo ya ndani ya sufu, na anasema usijibu uongo kwa sababu atajua. Baba haulizi kitu. Ila kila akipita mfanyabiashara kutoka Tarako huko Hispania, Baba humkaribisha ndani, humpa divai ambayo hakuitia maji mengi, halafu humzungusha kwa maneno mpaka jina lako litoke mdomoni mwa mgeni mwenyewe. Likishatoka, Baba hujifanya ameshangaa.

Naandika kwa mkono wangu, sikumpa mwandishi. Ukiona mistari inapanda mlima, ujue ni yangu.

Barua ya Baba nadhani imenitangulia, kwa hiyo unajua kwamba Bibi Mevia ametutoka. Baba naye namjua. Huandika kana kwamba anachonga jiwe. Najua amekupa mifupa mitupu, basi nyama nakuletea mimi.

Najua pia unachokitafuta humu. Siku ile ulipoondoka ulinishika sikio hapo mlangoni, farasi wako keshatandikwa, ukaniambia, "Mimi ndiye ningeipokea pumzi yake ya mwisho, na sitakuwapo. Utakuwapo wewe. Usiiache iende na upepo." Nikasema nimesikia. Ulivuta sikio mpaka niliposema tena. Nitafika huko, Kaka. Niache niende kwa mguu wangu.

Kila mtu hutaka kufa na wake karibu, mdomo kwa mdomo, ile ya mwisho isipotee. Kwa Bibi jambo hili lilizidi, na sidhani kama aliwahi kukueleza alivyonieleza mimi mwaka huu. Aliipokea ya mama yake akiwa bado msichana. Akaipokea ya watoto wake wanne, wale ambao majina yao Baba hayataji, mmoja baada ya mwingine. Akaipokea ya Babu yetu, ambaye hata pumzi ya mwisho, alisema, ilinuka vitunguu. Siku moja nilipokuwa nampepea akajigonga kifuani kwa kidole akaniambia, "Humu mmejaa watu, Numerio. Nikiondoka bila wa kunipokea, nitawamwaga wote barabarani."

Mmoja tu hayumo, baba yake.

Huyo ndiye konsuli wetu, au tuseme konsuli wake, maana sisi kina Aburio hatujawahi kuvuka uhakimu, na Bibi hakutuacha tusahau. Bibi alikuwa mtoto wa miaka tisa babake alipokwenda vitani Iliria. Alimwambia atarudi tini zikiiva. Tini zikaiva, zikaanguka, mtoto amesimama mlangoni. Alirudi wakati wa baridi, ndani ya mtungi. Alifia kwenye hema, na mtumishi aliyekuwa naye alikuwa ametoka kutafuta maji. Pumzi yake hakuipokea mtu. Bibi alinisimulia haya kwa sauti ya mtu anayesimulia bei ya mafuta, halafu akaniambia nimpe mto mwingine.

Unaukumbuka ukuta wa kulia ukumbini. Zamani nilidhani makabati yale mawili yamekuwapo tangu dunia iumbwe. Kumbe ni vita. Bibi alipoolewa alikuja na sura za nta za mababu zake, zile zinazovaliwa usoni siku za mazishi, kila moja ndani ya kisanduku chake, na Babu akasema sura za nyumba hii zikae upande unaoonekana kutoka mlangoni. Bibi akasema sawa, na yeye atakwenda kukaa kwa mjomba wake, upande usioonekana kabisa. Alikaa huko mpaka Babu akaja mwenyewe na mkokoteni. Ndiyo maana mpaka leo mgeni akiingia kwetu anatazamana kwanza na Babu Mevio, yule konsuli babake Bibi, na mahakimu wetu wako kushoto wanachungulia kama wapangaji. Kila asubuhi Bibi alikuwa akifungua kisanduku cha babake na kumpa habari: nani kaoa, nani kaachwa, mjukuu gani kavunja nini. Mimi nimetajwa sana mbele ya yule mzee. Hakuna konsuli wa Roma anayezijua dhambi zangu kama yeye.

Sasa nianze na kiangazi hiki. Miguu ya Bibi ilianza kuvimba tini za kwanza zilipoiva, kisha pumzi ikawa fupi. Daktari yule Mgiriki akamkataza chumvi, divai na hasira. Bibi akamwambia, "Chumvi nitaacha."

Alipoona miguu haipungui, akaanza kupanga mazishi yake kama wengine wanavyopanga harusi. Akaagiza aletwe Sofilo. Unamjua, yule kiongozi wa waigizaji ambaye nyumba zote kubwa humkodi amwigize marehemu mbele ya jeneza lake, mwendo, sauti, mpaka zile tabia mbaya, ili watu wacheke kidogo kabla ya kulia. Sofilo alikuja kumsoma Bibi. Kumbe yeye ndiye aliyesomwa.

"Nionyeshe ninavyokaa," Bibi akamwambia.

Sofilo akakaa.

"Huyo ni muuza samaki aliyechoka. Mimi sijaegemea kiti maisha yangu yote."

"Mama mheshimiwa, sasa hivi umeegemea."

"Sasa hivi nakufa. Niigize nilipokuwa mzima."

Nilikuwa nyuma ya nguzo nakula tini zake, nikapaliwa kwa kicheko, na huo ndio mwanzo wa uongozi wangu. Maana walikuwa wamefikia swali la nani atavaa sura ya Babu Mevio siku hiyo. Sofilo alikuwa na kijana wake mrefu. Bibi akamtembeza ukumbini, huku na huko, akamwambia akapumzike. "Baba yangu hakuwa korongo," akasema. Kisha akageuka kwenye nguzo. "Wewe, masikio. Tema hiyo tini uje hapa."

Akanisimamisha chini ya kabati. Akamwambia Yaya Melita alete joho. Akanitazama muda mrefu mpaka nikaanza kujikuna. "Masikio ya baba yangu," akasema, "yameruka vizazi viwili na kutua juu ya huyu. Miungu ina utani."

Baba aliposikia alikuja na uso wake wa Baraza la wazee. "Mama, kijana wa nyumba ya hakimu hatembei na waigizaji."

"Mwanangu," Bibi akamwambia, taratibu kabisa, "wewe uliigiza uhakimu mwaka mzima na hakuna aliyekuzuia."

Baba akaenda kuoga. Nami nikaanza kufundwa.

Unajua mimi na masomo. Mwalimu alisema kichwa changu ni chujio, unga wote hupita na makapi hubaki. Basi angekuja kuniona mbele ya Bibi. Mguu wa kushoto uburuzwe, kwa sababu jiwe la ukutani lilimwangukia mzee katika vita vya kabla ya Iliria. Kabla ya kusema, kikohozi kimoja kifupi. Kidole gumba ndani ya mkanda. Akiwaza, anakuna sikio, na kwenye kukuna sikio sikuhitaji mwalimu. Nilipokosea Bibi alinitupia kokwa za zeituni kutoka kitandani. "Mguu wa kushoto, punda wewe. Wa kushoto. Huo ni wa kulia tangu ulipozaliwa." Kutupa kokwa kulimkata pumzi kuliko hasira, lakini daktari hakuwa amekataza kokwa.

Na hakuniacha nivae ile nta mpaka nilipojua kutembea. Siku aliponivalisha aliifunga kamba kisogoni mwenyewe. Ndani ya nta ni giza, Kaka, na panakuwa na joto, na panakuwa na harufu ya nyuki na moshi wa zamani. Unaona kupitia vitundu viwili tu. Midomo imefungwa, haina tundu, kwa hiyo ukisema sauti inatoka nzito kama ya mtu aliye ghalani. Nilimwambia Bibi nimekuwa kama chura kwenye chungu. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa akisikika."

Siku nyingine akanifundisha jambo ambalo alisema halihitajiki mazishini. Mzee alipokuwa akirudi nyumbani jioni alikuwa akimkuta bintiye peku kwenye mawe ya ukumbini. Kila siku alimwuliza swali lilelile. Alikuwa akimwita Kware. "Kware, viatu viko wapi?" Na mtoto alikuwa akivificha kusudi, ili aulizwe.

"Sema," Bibi akaniambia.

Nikakohoa, nikasema, "Kware, viatu viko wapi?"

Akageukia ukuta. "Tena."

Nikasema tena. Akataka tena. Mwishowe Yaya Melita alinifukuza kwa kitambaa kama anayefukuza kuku, akasema, "Kamsumbue mwingine, wewe."

Kisha, Kaka, Bibi akafariki. Hilo nitalirudia. Nataka kwanza uone mazishi, kwa sababu aliyapanga yeye, na ingekuwa aibu barua ipite bila kuyasifu.

Mji mzima ulisimama. Kama mtu atakuambia la, ni wivu. Mbele wapiga zumari na pembe, halafu waombolezaji wanawake wakijipiga vifua, halafu Sofilo amevaa joho la Bibi na kushika fimbo yake, halafu sisi mababu kwenye magari ya farasi, kila mmoja na sura yake na wabeba fimbo wake. Mimi wa kwanza. Nyuma yetu Bibi mwenyewe amelazwa juu, amepambwa, na pete zake zote. Kabla hatujafika Uwanjani, pale katikati ya mji, nilikuwa nimeshazoea cheo. Nikawa napungia watu mkono kwa vidole viwili.

Jua, sasa. Septemba gani hii. Nta ikaanza kulainika, jasho linanitiririka mpaka kitovuni, na mama mmoja muuza tini akasema kwa sauti ya kusikika hadi mtoni, "Konsuli, pua yako inahama." Watu wakacheka. Nikaisukuma pua mahali pake kwa heshima. Na nani mwingine alikuwa mbele ya umati kama si Vibio, mtoto wa mwoka mikate? Akanyoosha kidole. "Magoti yale nayajua. Juzi yalikuwa yanamkimbia mbwa wetu." Konsuli wa Roma hawezi kushuka garini kumpiga mtoto wa mwoka mikate. Hayo ndiyo mateso ya uongozi ambayo hawakuambii.

Tukakaa jukwaani kwenye viti vya pembe, mababu wote kwa mstari, na Baba akapanda kutoa hotuba. Alianza vizuri, kwa jiwe lake. Akasema mama yake alikaa nyumbani na kusokota sufu. Bibi na sufu, Kaka. Ile pini yake ya kusokotea tunajua wote alikuwa akijikunia mgongo. Lakini hapo ukoo wote ukaitikia kwa vichwa, nami nikaitikia na changu, taratibu, pua isihame.

Kisha akafika mahali aliposema, "Mama yangu," na maneno yakaisha. Nilikuwa sijawahi kuona Baba akikosa maneno. Watu wakaanza kutazamana. Akageuka, nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuweka macho, na macho yakaangukia kwenye sura ya Babu Mevio. Sikujua la kufanya. Nikakohoa kile kikohozi kifupi. Baba akanitazama, akavuta pumzi, akaendelea mpaka mwisho. Hajaniambia neno kuhusu hilo. Ila siku hizi mezani ananipa kipande cha kwanza cha nyama.

Sofilo naye tukishuka jukwaani alinipita karibu, kainama juu ya fimbo ya Bibi kama Bibi, pumzi fupi kama ya Bibi, na bila kunitazama akasema kwa sauti yake hasa, "Mguu wa kushoto, punda wewe." Watu walicheka sana. Mimi nilishukuru kwamba nta haionyeshi kitu.

Tulimchoma jioni, nje ya lango, na mifupa yake ikaoshwa kwa divai, ile nzuri aliyokatazwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu mkubwa nyumbani, na usidhani natania. Watumishi wananisalimu kwanza. Binamu zetu wa Aventino, wale waliokuwa wakiniita chujio, wamekuja kunipa pole mimi kabla ya Baba. Kwa sababu kila mtu anajua nilikuwa pale Bibi alipotutoka. Shangazi Aburia amebadilika kuliko wote. Kila asubuhi, kabla hajanywa hata maji, anakuja chumbani kwangu, anaweka kiganja kifuani kwangu, na kutaja majina. Ndugu zake wale wanne, Kaka. Anawaamkia mmoja mmoja. Kisha babake. Kisha Bibi. Wa mwisho kati ya wale wadogo aliitwa Postumo na hakufikisha hata kutembea, na huyo humwamkia kwa sauti ya mtoto. Halafu ananipiga shavuni kidogo na kwenda zake, siku nzima amechangamka. Hajawahi kuchangamka hivyo tangu mumewe amwache.

Mengine ni madogo. Paa la jikoni limezibwa. Mbwa wako amezaa, na Baba anasema watoto wote watagawiwa, halafu anawapa maziwa mwenyewe akidhani hatumwoni. Ile mizabibu uliyopanda ukutani imezaa, zabibu chachu kama macho ya mwalimu, lakini imezaa.

Baba anakusalimu kwa ukali. Shangazi anakusalimu na anakumbusha sufu. Yaya Melita anakusalimu, anasema usile kitu chochote kilichopikwa na askari. Nisalimie farasi wako, na yule rafiki yako mwenye kigugumizi aliyenifundisha kucheza dadu. Miungu ya nyumba yetu ikulinde hata huko mbali inakopata shida kufika, mishale ikuone na ikupite, na ile siku utakayorudi mlango uwe wazi na kuwe na mtu amesimama.

Hapa ndipo nilipotaka kufunga. Yule mfanyabiashara wa mchuzi wa samaki anaondoka kesho na amekubali kubeba barua. Nta ya muhuri nimeshaiyeyusha mara mbili na imeganda mara mbili.

Siku ile, baada ya chakula cha mchana, Baba alikuwa ameitwa kwenye Baraza. Shangazi alikuwa hekaluni. Mimi ndiye niliyepangwa kukaa. Bibi alipitiwa na usingizi, na Yaya akasema atalala mpaka jua lipungue, basi nikatoka uani kufanya mazoezi na Sofilo, sura usoni, kamba kisogoni. Nilikuwa natembea vizuri siku hiyo. Hata Sofilo alikuwa amenyamaza. Ndipo Yaya akaliita jina langu, kwa sauti ndogo, nawe unajua sauti ndogo ya Yaya ndiyo inayotisha.

Nilikimbia. Nilikimbia huku mguu wa kushoto ukiburuta, kwa sababu mwili ulikuwa umeshazoea. Nilipofika mlangoni Bibi alikuwa amefumbua macho. Shuka lilikuwa limemtoka miguuni, peku. Akatazama mlangoni, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto aliyesimama kwa muda mrefu, "Baba. Umechelewa."

Yaya akaninong'oneza, "Vua."

Ningeweza kukuandikia kwamba kamba ilikaza. Haikukaza. Ni fundo moja tu, nilikuwa nimelishika tayari. Ningelivuta, angeniona mimi, masikio, mla tini zake, na pumzi ningeipokea kama ulivyonituma. Lakini alikuwa ameninyooshea mikono, Kaka. Nikaliachia fundo. Nikakohoa. Nikasema, "Kware, viatu viko wapi?"

Akacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Akasema, "Nimevificha."

Nikainama. Niliisikia ile pumzi ikigonga nta mbele ya midomo yangu, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi na hataki kusumbua. Nikangoja nyingine. Hakukuwa na nyingine.

Yaya akasema, "Vua hicho, mpumbavu, kabla baba yako hajaingia." Nikavua. Kwenye midomo ya Babu Mevio palikuwa na unyevu kidogo, tayari unakauka kando. Nikaubusu haraka, sikujua la kufanya jingine. Kisha Baba akaingia na joho lake la barazani, akatazama kitanda, akaniuliza, "Umeipokea?" Nikasema ndiyo. Yaya alikuwa anamfunika Bibi miguu na hakugeuka.

Sura imerudi kabatini, upande wa kulia, unaoonekana kutoka mlangoni. Sijaifungua.

Wewe ndiye uliyesoma kwa Mwalimu mpaka mwisho. Niambie kama ile inahesabika. Na kama haihesabiki, niandikie mimi, usimwandikie Shangazi, kwa sababu kesho asubuhi atakuja tena kuweka mkono.

Wako akupendaye, yule uliyemtuma,

Numerio